Nyumba yenye joto haitoki dukani
Udongo, mbao, mawe ya volkano na virago: namna ya kupendezesha nyumba kwa vitu vya kwetu bila kudhuru watoto wala kumaliza akiba

Siku ya kugawana akiba ya AVEC ikikaribia, katika vikundi vyetu linasikika neno moja: safari hii ninatengeneza nyumba yangu. Ni wazo jema. Mama aliyeweka hisa mwaka mzima ana haki ya kukaa pazuri. Lakini tuangalie pesa hiyo inakwenda wapi. Mara nyingi inatoka sandukuni, inapita sokoni, na inafika nyumbani ikiwa balatumu ya kutandika chini, maua ya plastiki, rido za nailoni zenye kung'aa, na fotei kubwa zinazojaza salo mpaka watoto wanakosa pa kupita. Haupiti muda, balatumu inapasuka mlangoni, maua yanashika vumbi, fotei zinabonyea. Na usiku nyumba inabaki baridi kama zamani.

Wiki hii tunataka kusema jambo moja. Nyumba yenye joto, inayopendeza macho na kutuliza roho, inaweza kutoka katika udongo, mbao, mawe na majani ya hapa kwetu, na katika mikono ya wanawake wenzetu. Pesa inayotumiwa hivyo inabaki kwa jirani. Na mama anayeichagua njia hiyo asione kwamba amekosa uwezo wa kununua vya dukani. Amechagua.

Vitu ambavyo wengine wanavitafuta kwa bei kali

Huko Ulaya na Marekani kuna mtindo wa nyumba unaopendwa sana siku hizi. Kuta zina rangi ya udongo au ya maziwa. Meza ni ya mbao isiyofunikwa rangi, mistari ya mti inaonekana. Chini kuna mkeka wa nyuzi za mimea, pembeni kikapu, juu ya meza chungu cha udongo. Vitu ni vichache na hakuna kung'aa kwingi. Watu wenye pesa wanawalipa wataalamu ili wawapangie nyumba ya namna hiyo. Mama wa Kabare, wa Masisi au wa Idjwi akiiona picha yake atauliza: hii si nyumba ya bibi yangu?

Ana haki ya kuuliza. Chukueni mfano wa vitambaa vya rafia vya Wakuba wa Kasai. Wanaume wanafuma kitambaa chenyewe, kisha wanawake wanakitarizi kwa sindano, wakitoa maumbo ya pembe na mistari ambayo hayafanani mahali popote. Kazi ya kitambaa kimoja kizuri inaweza kuchukua miezi. Henri Matisse, mchoraji maarufu wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1954, alivikusanya vitambaa hivyo na kuvitundika ukutani kwake, akaviangalia kama mwanafunzi anavyoangalia ubao. Sisi tuliovizaa tunatundika picha ya maua iliyochapwa kiwandani.

Mfano mwingine ni wa Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso. Mwaka 2001 shule ya msingi aliyoichora ilimalizika kijijini kwake. Kuta zake ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na wanakijiji wenyewe walishiriki kuzijenga. Paa la mabati liliinuliwa juu ya dari, ikaachwa nafasi ili hewa ipite na darasa lisiwe tanuri. Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo yenye heshima kubwa duniani katika kazi ya kuchora majengo. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata, na jina lake lilianzia katika udongo.

Katika nchi hiyohiyo kuna Tiébélé, ambako wanawake ndio wanaopaka kuta za nyumba kwa udongo mwekundu, mweupe na mweusi, wakimalizia kwa maji ya maganda ya mti yaliyochemshwa ili ukuta ushike na kung'aa kidogo. Mwaka 2024 makao ya kifalme ya Tiébélé yaliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Karibu yetu zaidi, ng'ambo ya mpaka, Wanyarwanda wana imigongo, michoro iliyoinuka inayotengenezwa kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu. Baada ya mwaka 1994 wanawake ndio walioishika tena kazi hiyo, na leo michoro yao inauzwa kwa wageni na kuonekana katika hoteli.

Basi ujuzi tunao sisi na majirani zetu. Tulichopoteza ni kuuthamini.

Nyumba ya mbao si aibu

Wengi wetu wa Goma tunakaa katika nyumba za mbao, na kuna mama anayeona haya kupokea wageni kwa sababu hiyo. Tukumbuke nyumba hizo zilitoka wapi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukafunika mitaa mizima. Watu waliporudi walikuta jiwe jeusi mahali pa parsela zao. Wakajenga juu ya jiwe hilo kwa mbao, kwa sababu mbao ni nyepesi, zinajengwa haraka, na ikibidi zinabomolewa na kuhamishwa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, moto ukashuka mpaka ukingoni mwa mji. Nyumba ya mbao ni jibu la watu wenye akili wanaokaa chini ya mlima wa moto.

Lakini nyumba hiyo ina matatizo yake, na hayaondoki kwa kuyafunika kwa plastiki. Upepo unapita kati ya mbao. Mvua inapiga mabati mpaka mtu hasikii anachoambiwa. Na baridi ni ya kweli: Goma na Bukavu ziko kwenye urefu wa mita 1,500 hivi juu ya bahari, na Kivu usiku si Kisangani. Wengi wanabandika shitingi ndani ya kuta. Shitingi inazuia upepo, ndiyo, lakini haipumui. Pumzi za watu wanaolala zinageuka maji nyuma yake, mbao zinaoza, ukungu mweusi unaota, na mtoto mwenye kifua dhaifu anakohoa hadi asubuhi.

Dawa yake ni ya zamani. Kwanza ziba nyufa kubwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopigwa misumari upande wa nje. Kisha ndani, ukutani pa kitanda, simamisha virago vya mafunjo au vya matete, ukiviacha mbali kidogo na mbao, upana wa kidole. Hewa iliyotulia katikati ndiyo inayozuia baridi, kama vile nguo mbili nyembamba zinavyoshinda moja nzito. Kirago kinapumua, hakikusanyi maji. Na kinapendeza: chumba kinapata rangi ya asali bila kupaka chochote.

Ukuta wa udongo na rangi ya jikoni

Wenye nyumba za matofali mabichi au za miti na udongo wana mali kubwa kuliko wanavyofikiri. Ukuta mnene wa udongo unapokea joto la mchana polepole na kulirudisha polepole usiku. Kinachouharibu ni maji, na kinachouchafua ni lipu mbaya inayopasuka.

Kabla ya kupiga lipu, jua udongo wako. Chukua chupa inayopitisha mwanga, jaza udongo mpaka theluthi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, uiache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, udongo laini utakaa juu, na utaona kwa macho kipi ni kingi. Kwa lipu nzuri, mama mmoja wa udongo wenye kunata anahitaji kama ndoo 2 hadi 3 za mchanga kwa kila ndoo 1 ya udongo huo, pamoja na nyasi kavu zilizokatwa fupi kama kidole. Udongo ukizidi, lipu inapasuka. Mchanga ukizidi, inabaki mikononi ukiipapasa. Usiamini maneno ya mtu, hata yetu: piga vipande vitatu vya majaribio ukutani, kila kimoja ukubwa wa sahani kubwa na mchanganyiko wake, ungoje wiki moja. Kile kisichopasuka wala kutoa unga ndicho chako.

Rangi pia inaweza kutoka jikoni. Koroga kikombe 1 cha unga laini wa ngano au wa muhogo katika vikombe 2 vya maji baridi mpaka madonge yaishe. Mimina ndani ya kikombe 1 na nusu cha maji yanayochemka, ukikoroga, mpaka uwe uji mzito. Ondoa motoni, ongeza vikombe 2 vya maji. Sasa tia udongo mkavu uliochekechwa kwa kitambaa, kikombe 1 au zaidi kidogo, wa rangi unayopenda: mwekundu wa barabara ya Walungu, wa manjano, au mweupe. Paka kwa brashi, mkono wa kwanza ukauke, kisha wa pili. Rangi hii ni ya ndani, mahali pakavu. Mvua ikiigusa inaondoka, na karibu na maji ya kuoshea haifai. Tengeneza ya siku moja tu, kwa maana uji unachacha.

Mahali penye giza, chokaa bado ni rafiki. Inaangaza chumba na inachukiwa na ukungu. Lakini inachoma. Atakayepaka avae glavu na kufunika macho, na watoto wakae nje mpaka ukuta ukauke. Kuhusu mavi ya ng'ombe, ambayo bibi zetu walipaka sakafuni: yanashika vizuri, ila yanaweza kubeba pepopunda. Nyumba inayongojea mtoto mchanga isipakwe.

Chini na juu

Sakafu ya saruji ni rahisi kuosha, lakini mtoto anayetambaa anaipata baridi yake yote tumboni. Balatumu haiondoi baridi hiyo. Inaifunika tu, na maji yakipita chini yake hayatoki. Kirago kizito kinasaidia zaidi. Weka viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, ili kimoja kikikojolewa kiende juani na kingine kibaki. Kila wiki kitoe nje, kipige kwa fimbo, kigeuze pande zote mbili juani. Jua kali linakausha unyevu na kuwatoa wadudu waliojificha. Kirago kilichooza pembeni hakifai kuokolewa. Kipeleke shambani kikawe mbolea. Hilo balatumu haliwezi.

Juu, chini ya manjanja, weka plafo. Si lazima iwe ya plastiki nyeupe inayoletwa kwa magari. Matete yaliyofungwa kwa kamba, au virago vilivyotandazwa juu ya miti myembamba, vinazuia joto la saa sita, vinapunguza baridi ya alfajiri, na vinanyamazisha mvua. Mama anayekaa na wanafunzi anajua maana yake: mtoto anaweza kusoma somo lake wakati mvua inanyesha. Acha nafasi ya hewa kati ya plafo na manjanja, na uache sehemu moja inayofunguka ili uweze kuchungulia panya na mchwa.

Usisahau mwanga. Chumba chenye vitu vizuri lakini kisicho na dirisha ni stoo. Bati moja linalopitisha mwanga, likiwekwa upande ambao jua la mchana haliingii kwa nguvu, linabadilisha jikoni kuliko rangi yoyote.

Mbao, mianzi na jiwe jeusi

Meza nzuri haihitaji vanishi inayonuka siku kumi. Mwambie fundi aisugue kwa msasa mkali, kisha laini, akifuata mistari ya mti. Halafu paka nta ya nyuki. Nta haiyeyushwi moja kwa moja juu ya moto, inawaka: itie katika kopo, kopo ulisimamishe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Paka nyembamba kwa kitambaa, acha usiku, sugua tena kwa kitambaa kikavu. Mawese usitumie: hayakauki, yanabaki yananata na kuita wadudu.

Na tuseme wazi kuhusu mafuta machafu ya motokari ambayo mafundi wanayapaka kwenye mbao kufukuza mchwa. Nje, chini ya nyumba, ni shauri la kila mtu. Lakini ndani ya nyumba, na hasa kwenye kitanda, meza au ukuta ambao mtoto anaugusa na kisha kutia vidole mdomoni, yasiingie. Mafuta hayo yamebeba sumu za injini, na harufu yake si ya bure.

Muulize fundi pia mbao zimetoka wapi. Mkaratusi na grevilea zilizopandwa na wakulima zinatosha kazi zetu nyingi. Mti wa msitu wa Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, si wa kutengenezea rafu ya salo. Mianzi ni hivyo hivyo. Ni mizuri kwa rafu, kwa fremu ya kitanda, kwa uzio wa ndani. Lakini machipukizi ya mianzi ya mlima wa Kahuzi ni chakula cha sokwe. Nunua ile iliyopandwa na watu. Chagua iliyokomaa, ya miaka 3 au zaidi, kwa maana mianzi michanga ina utamu mwingi ndani na wadudu wanaigeuza unga. Iloweke katika maji yanayopita kwa wiki kadhaa, kisha ikaushe kivulini ikiwa imesimama.

Jiwe la volkano tunalo hadi tumelichoka. Tumelibeba, tumelipasua kwa nyundo, tumeliuza kwa wajenzi. Lakini ndani ya nyumba linaweza kuwa pambo kubwa. Ukuta mmoja wa jiwe lisilopigwa lipu, likisuguliwa kwa brashi na maji, unapendeza kuliko karatasi yoyote ya kubandika. Mmoja tu, kwa maana jiwe jeusi linameza mwanga: kuta tatu zilizobaki ziwe nyeupe au za rangi ya udongo. Na kitanda kisiegemee jiwe, ni baridi. Nje, changarawe nyeusi ya volkano ikimwagwa kutoka mlangoni mpaka barabarani inapitisha maji ya mvua, na tope halifiki sakafuni.

Mnaokaa Goma na Sake, tahadhari moja. Anayechimba udongo au mawe kwenye shimo au bondeni akumbuke mazuku, ile hewa nzito isiyoonekana inayojikusanya mahali pa chini na kuua watu na wanyama. Watoto wasitumwe peke yao kwenye mashimo hayo, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka.

Vitambaa na vitu vichache

Kitambaa cha pamba kinafyonza jasho, kinapitisha hewa, na kinazeeka vizuri. Cha plastiki kinang'aa siku ya kwanza tu. Sokoni vyote vinaitwa kikwembe, na muuzaji ataapa kwamba ni pamba. Omba uzi mmoja, uuchome kwa kiberiti mbali na nguo. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Plastiki inayeyuka, inakunjamana na kuacha tone gumu.

Kikwembe chenye maua makubwa ni kizuri, lakini kama rido ni cha maua, mito ni ya maua, na meza imefunikwa maua, macho hayapumziki. Chagua kimoja kiseme, vingine vikae kimya. Kikwembe cha zamani ambacho hakivaliki tena kinafaa kwa mito. Kile mlichovaa wote kwenye sherehe ya 8 Machi kinaweza kutundikwa ukutani kama kumbukumbu, na mgeni akiuliza, una la kumsimulia.

Vitu vingine vipate mahali pake. Vikapu viwili vyenye vifuniko, kimoja cha nguo za watoto, kingine cha daftari, vinaondoa fujo kuliko kabati linaloyumba. Chungu cha maji ya kunywa kilicho na kifuniko na kata yake kinapoza maji bila friji, kwa sababu udongo unatoa jasho na jasho linapoza. Kioshwe ndani kila yanapoisha maji, na mkono usiingizwe.

Joto linaloua

Hapa wamama tusikilizane. Usiku wa baridi, baadhi yetu tunaingiza mbabula chumbani, makala yakiwa mekundu, tunafunga mlango na dirisha ili watoto walale vizuri. Makala yanayowaka yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kukohoa. Anazidi kulala, na asubuhi haamki. Makala yasiyotoa moshi yanaidanganya akili: moshi hauonekani, lakini sumu ipo. Mbabula ibaki nje au jikoni penye hewa. Ikishindikana, mlango ubaki wazi na isilale ndani.

Ndiyo maana tumesema sana juu ya virago, plafo na nyufa. Si urembo tu. Nyumba iliyozibwa upepo na kuvikwa vizuri haihitaji mbabula chumbani. Mkeka ukutani, blanketi nzuri, na kitanda kilichoinuliwa kutoka sakafuni vinagharimu chini ya mazishi.

Lakini kirago na mbao vinashika moto upesi, na katika mitaa yetu nyumba moja ikiwaka hazibaki jirani. Mshumaa usimame ndani ya kopo lenye mchanga au chungu kipana, umbali wa mita moja au zaidi kutoka ukutani, wala usiachwe ukiwaka wakati watu wamelala. Ukutani pa kupikia pasiwekwe kirago kabisa. Hapo ndipo mahali pa jiwe na udongo. Ndoo ya mchanga ikae karibu na mlango wa jikoni.

Nani amefuma?

Tukinunua kirago, tunanunua siku za mama fulani. Alikwenda kinamasini kukata mafunjo, aliyabeba, aliyakausha, alipasua, alifuma akiwa ameinama. Akifika sokoni tunambishia mpaka anaondoka na pesa ya chumvi, halafu tunavuka barabara na kulipa bei iliyoandikwa kwa kitu cha plastiki bila kusema neno. Binti yake anaona. Binti huyo hatajifunza kufuma, na hatuwezi kumlaumu.

Wafinyanzi nao ni hivyo. Wanawake Batwa wa Idjwi na wa vilima vya Kivu wamefinyanga vyungu kwa vizazi vingi, na bidoni na sufuria za plastiki zimewanyang'anya soko. Wengi wao hawana shamba. Chungu kwao si pambo. Ni chakula cha jioni. Mama anayenunua chungu kwa bei ya haki na kukiweka salo mahali pa kuonekana anawatangazia wageni wake kazi hiyo bila kulipa redio.

Hapa ndipo kikundi kina nguvu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wamama 10 wakiagiza virago 20 pamoja, mfumaji anaweza kupewa sehemu ya pesa mbele, anapata hakika ya kazi, na wanunuzi wanaweza kuomba vipimo vyao wenyewe: kirefu kwa ukuta, kifupi kwa mtoto. Andikeni makubaliano katika kitabu cha kikundi: idadi, vipimo, bei, siku. Kama kuna mfumaji ndani ya kikundi chenu, msimwombe apunguze bei kwa sababu ni dada. Kwa kuwa ni dada, mlipeni vizuri. Na anayejua afundishe: mchana mmoja kwa mwezi, baada ya kuweka akiba, mabinti wakae pamoja naye.

Mama aanzie wapi?

Usibomoe chochote wiki hii. Anza kwa kutoa. Toa nje vitu vyote vya salo, ufagie, kisha rudisha vile tu vinavyotumika au vinavyopendwa kweli. Utashangaa chumba kilivyo kikubwa. Vilivyobaki gawa au uza.

Wiki ya pili, kaa ndani ya nyumba usiku ukiwa umezima taa, usikilize upepo unapoingilia. Mchana angalia mwanga unapopita kati ya mbao. Weka alama kwa makala, ziba moja moja.

Wiki ya tatu, piga majaribio yako matatu ya lipu au ya rangi, au agizeni virago vyenu. Baada ya hapo chagua chumba kimoja. Wengi wanaanza na salo kwa ajili ya wageni. Sisi tunashauri chumba cha watoto, maana wao ndio wanaolala humo saa nyingi, na kifua chao ndicho kinacholipa.

Kwa anayepanga, au aliyekimbia vita na kukaa kwa ndugu, au ambaye hajui kesho atalala wapi: usiseme haya hayakuhusu. Kirago kinakunjwa na kubebwa kichwani. Kikapu, chungu, kikwembe kimoja cha ukutani vinahama nawe. Popote vinapofunguliwa, watoto wanajua wamefika nyumbani.

Kwenye mkutano ujao, kila mama aje na kitu kimoja cha nyumba yake kilichotengenezwa kwa mikono, na aseme nani alikitengeneza na anapatikana wapi. Katibu aandike majina hayo katika kitabu cha kikundi. Tukigawana akiba mwaka huu, tutajua pa kuanzia kununua.